Mstari wa Othaya

Ofisini nilikuwa na msemo wangu: grafu haisemi uongo. Niliurudia mpaka wenzangu wakawa wanaumalizia kabla sijafika katikati. Sikujali. Mimi ni mtoto wa Majengo, hapa hapa Nyeri, nimelelewa katika nyumba ya watoto saba ambamo kila ugomvi ulishindwa na mwenye sauti kubwa. Nilipopata kazi ambayo mstari kwenye skrini ndio unaoamua nani ana haki, nilijiona nimefika.

Kampuni yetu ni ndogo. Inapeleka intaneti kwa shule, zahanati na maduka ya miji iliyouzunguka mlima. Nyaya hatuna nyingi. Tuna minara, na juu ya kila mnara kuna dishi linalotazamana na dishi lingine ng'ambo ya mabonde. Kila dakika tano mashine yetu huliuliza kila dishi linamsikia mwenzake vipi. Jibu huja kama nambari, nambari inakuwa nukta, na nukta zikiungana zinakuwa mstari. Mstari ukikaa juu, wateja hata hawakumbuki kama tupo. Ukishuka, simu zinalia, na anayezipokea ni mimi, Raudha.

Anayepanda minara ni Theuri, kijana mwembamba kutoka Kagio, mpole, mwenye mikono mirefu kuliko mashati yake. Mwezi wa pili mwaka huu alipanda mnara wa Othaya kubadilisha dishi lililokuwa limepasuka. Alichukua dakika arobaini, na aliporudi nikamuuliza mbele ya watu kwa nini arobaini wakati kazi ile ni ya ishirini na tano.

"Raudha," akasema huku akivua mkanda wake wa kupandia, "wewe unakaa tu kwa kiti ukiangalia mistari. Siku moja panda huko juu uone kama upepo iko kwa grafu."

Ofisi nzima ilicheka. Hata Moffat, bosi wetu, ambaye hucheka mara mbili kwa mwaka, siku ile alitumia moja. Nami nikacheka, lakini cheko langu liliishia kwenye meno. Moyoni niliiweka ile kauli mahali ambapo ningeipata kwa urahisi nikiihitaji.

Mvua za masika zilipokolea, simu za Othaya zikaanza. Mwalimu mkuu mmoja alishindwa kutuma majina ya watahiniwa wake. Nesi wa zahanati alisema picha za wagonjwa anazotuma Nyeri zinakwama nusu. Nikafungua grafu. Mashine yetu, usipoiambia vingine, hukuonyesha siku tisini. Nikaona pengo dogo siku ile Theuri alipobadilisha dishi, kisha mstari ukiteremka pole pole, wiki baada ya wiki, mpaka mwezi wa tano.

Niliandika ripoti kwa nusu saa, na sitaficha, niliiandika kwa raha. Dishi linainama kidogo kidogo, nikasema, kwa sababu bolti hazikukazwa ipasavyo. Moffat akamtuma Theuri akaangalie. Akarudi ameloa chapachapa, akasema bolti ziko sawa na dishi liko sawa. Mstari ukaendelea kushuka. Nikamwambia Moffat kwamba mtu hawezi kuwa mshtakiwa na hakimu wa kesi yake mwenyewe.

"Mkataba wake unaisha Ijumaa tarehe thelathini," Moffat akasema. "Sita-renew."

Nilitegemea Theuri aje kunigombeza, na nilikuwa nimejiandaa. Badala yake alikuja mezani pangu, akaitazama ile grafu kwa muda.

"Mimi nilikaza hizo bolti mara mbili, Raudha," akasema. "Lakini nikiangalia hii picha yako, hata mimi ningejifuta."

Akaenda zake. Mchana nilimsikia kwenye ngazi akimpigia binamu yake wa Kagio, akiuliza kama bado wanahitaji mtu wa kupakia nyanya sokoni. Alimwambia mtoto ana miezi saba na hawezi kukaa bila kazi hata mwezi mmoja. Nilitamani angenitukana.

Jumatatu ya wiki ile ya mwisho nikataka kuipamba ripoti yangu. Nilitaka kumwonyesha Moffat jinsi laini ya Othaya ilivyokuwa nzuri kabla Theuri hajalishika dishi. Ili kufanya hivyo nilihitaji miaka ya nyuma, na hapo inafaa mjue kitu kimoja kuhusu mashine yetu: inakula kumbukumbu zake. Za wiki hii inaziweka kwa kila dakika tano. Za mwaka mmoja au miwili nyuma, kwa kila saa. Zaidi ya hapo inajumlisha siku nzima na kukupa nukta moja. Basi nikafungua miaka mitano yote kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe.

Nilitazamia kuona mstari ulionyooka halafu ukaanguka mwaka huu. Nilichokiona kilikuwa meno ya msumeno. Kila mwaka mstari ulishuka pole pole, hivi hivi kama mwaka huu, kisha katikati ya mwezi wa pili ukaruka juu kwa siku moja. 2021, desibeli tisa, kipimo chetu cha nguvu ya mawimbi. 2022, nane. 2023, sita. 2024, tatu. Halafu 2025 haukuruka.

Nikatoa kalenda. Kila mruko ulikuwa siku ya Jumanne. Mashine haijui Jumanne, wala mvua haijui. Anayejua Jumanne ni mtu. Mahali fulani kati ya Nyeri na Othaya kulikuwa na mtu aliyekuwa akiyafungulia mawimbi yetu njia kila mwaka bila sisi kujua, na mwaka huu hakuja.

Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Ile grafu haikuwa imesema uongo. Nilikuwa nimeiuliza swali la siku tisini kwa sababu siku tisini zilinitosha kumchoma Theuri. Hasira hasara, mama yangu husema, na hasara yenyewe ilikuwa inaenda kulipwa na mtoto wa miezi saba.

Nilimkuta Theuri uani akisafisha kamba zake ili azirudishe stoo.

"Kesho ni Jumanne," nikamwambia. "Twende Othaya."

"Kufanya?"

"Kumtafuta mtu. Na beba mkanda wako."

Nilimwonyesha yale meno kwenye simu yangu. Akayatazama, akanitazama, kisha akautenga mkanda wake na zile kamba za stoo. Moffat tulimwambia tunaenda kukagua mnara.

Tulichora mstari kwenye ramani kutoka dishi moja hadi lingine. Ulipita juu ya mabonde bila kugusa kitu, isipokuwa mgongo mmoja wa kilima kilomita mbili kabla ya mnara wa Othaya. Saa mbili asubuhi tulikuwa tumesimama juu yake. Chini kulikuwa na kahawa, juu majani chai, na mpakani mwa shamba safu ya migrevilia, ile miti mirefu ambayo wenyewe huiita mubariti na huipunguza matawi kila mwaka kwa ajili ya kuni, wakiacha kishungi tu kileleni. Yote ilikuwa imepunguzwa, ila mmoja. Huo ulikuwa mrefu kuliko mingine na umefumka majani kuanzia katikati mpaka juu.

Theuri akageuka akautafuta mnara kwa macho, kisha akautazama ule mti.

"Dishi inaangalia hapa kabisa," akasema kwa sauti ndogo. "Nimepanda hiyo mnara mara mbili na ukungu, sikuona kitu."

Mwenye shamba alitoka akifuta mikono kwenye leso. Alikuwa mama wa miaka sabini hivi, kitambaa cheupe kichwani, mabuti ya plastiki miguuni. Tulimsalimu, tukamwita cucu, yaani bibi kwa Kikuyu, akafurahi, akatukalisha kwenye benchi mbele ya jikoni kabla hata ya kuuliza tumetoka wapi. Jina lake Kabura. Nilipomuuliza kuhusu ule mti, furaha ikamtoka usoni.

"Hiyo mti haiguswi," akasema. "Hata vijana wangu nimewakataza. Hizo zingine walikata mwezi wa pili. Hii ni ya mzee."

"Mzee yuko?"

"Dedan tulimzika mwezi wa kwanza."

Tukampa pole. Akaipokea kwa kutikisa kichwa.

"Hii mti alikuwa anapanda mwenyewe," akaendelea. "Ati vijana wanakata kama wanaua nyoka. Miaka sabini na tano na bado anapanda na panga kwa mshipi! Nilikuwa nagombana na yeye, hasikii. Mwaka jana alipanda, akakata mpaka juu, akashuka akaniambia, Kabura, nimemaliza. Hiyo ndiyo kazi ya mwisho alifanya kwa hii shamba. Baadaye alianza kuwa mgonjwa. Sasa nikiangalia hiyo mti naona mkono yake. Mtu akipanda na panga ingine, mimi nitaona nini?"

Nilimtazama Theuri, naye alikuwa anautazama mti kwa yale macho yake ya kazi, toka chini kwenda juu. Kisha akainamisha kichwa na kuanza kuchezea kifungo cha mkanda. Sikuelewa ameona nini. Nilimwambia cucu ukweli wote: kazi yetu, mnara, zahanati na nesi wake, ripoti niliyoandika, na kwamba Ijumaa kijana huyu angefukuzwa kwa kosa ambalo si lake. Nilimwambia pia kwamba aliyemponza ni mimi.

"Wewe?" akauliza. "Na umekuja na yeye?"

"Nimekuja naye."

"Pole kwa nyinyi wawili," akasema. "Lakini hiyo mti haiguswi."

Ningeondoka, maana mtu akishasema hivyo kuhusu marehemu wake hubishani naye. Ila nilihisi ana haki ya kujua kitu kimoja. Nikatoa simu.

"Cucu, tazama. Hii ni kazi ya mzee. Sisi tulikuwa tunaiona kila mwaka kule Nyeri, ila hatukujua ni yake."

Nikamwonyesha yale meno manne. Macho yake hayakuona mbali, lakini ya karibu yaliona vizuri. Akaweka kidole juu ya kila mruko.

"Hii ni siku gani?"

"Zote ni Jumanne."

Akacheka kidogo. "Ni kweli. Jumanne sikuwa napeleka majani chai. Huyo mzee hakuwa anapanda kama siko nyumbani. Alikuwa anasema hataki kuanguka peke yake."

Nikaufungua mruko wa mwaka jana peke yake, kwa saa. Mstari ulianza kupanda saa tatu. Saa nne ulilala, hakuna kilichosogea kwa saa nzima. Saa tano ukapanda tena, na saa sita ukatulia.

"Hapa katikati amesimama," nikasema. "Labda alichoka."

"Achoke nini! Hiyo ni chai." Sauti yake ikapanda. "Saa nne nilimpelekea chai. Nilifunga kikombe kwa kamba, akavuta. Akakaa huko juu saa nzima ananiambia habari ya kila boma anaona. Eh! Na hii simu inajua?"

"Inajua."

Alikaa na simu yangu mkononi muda mrefu. Nilidhani ameshiba. Lakini cucu alikuwa mkulima, na mkulima hupima mavuno kwa macho. Akarudi kwenye ile picha ya miaka yote, kidole chake kikapita juu ya meno, moja, mbili, tatu, nne.

"Hii ya kwanza ni ndefu," akasema. "Hii ya mwisho ni fupi sana. Kwa nini?"

Hapo ndipo nikaelewa alichokuwa amekiona Theuri. Tisa, nane, sita, tatu. Mzee alikuwa akikata kidogo zaidi kila mwaka, na mwaka jana aliishia chini ya katikati. Kama angefika juu, mstari wetu ungeruka kama zamani.

"Hiyo ni mvua tu, cucu," Theuri akasema haraka. "Mvua huharibu hizo vitu."

Nilimtazama kwa mshangao. Lile neno moja, kwamba mzee hakumaliza, lingeweza kumwokoa, naye alikuwa anamfunika mzee ambaye hakuwahi hata kumwona.

Kabura akamkazia macho. "Kijana, mwezi wa pili kuna mvua gani hapa Othaya?"

Cucu akanigeukia mimi.

"Wewe ndio mwenye picha. Sema."

Mimi niliyeimba miaka mitatu kwamba grafu haisemi uongo, kwa mara ya kwanza nilitamani ingekuwa inajua kusema japo mmoja.

"Hakufika juu, cucu," nikasema. "Alikata matawi ya chini. Yale ya juu hayajaguswa tangu mwaka juzi, na hata mwaka juzi hayakuguswa yote."

Kuku walikuwa wakichakura karibu na miguu yetu. Kabura aliutazama ule mti, ingawa kwa macho yake nadhani aliona kijani kitupu.

"Na aliniambia amemaliza," akasema. "Nilikuwa nimesimama hapo chini na kikombe. Akaniambia, Kabura, nimemaliza mpaka juu. Alijua sioni."

Nikaanza kuomba msamaha, akaninyamazisha kwa mkono. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, na nilidhani analia. Alikuwa analia, lakini pia alikuwa anacheka, vyote pamoja, na kwa kitambo hakuweza kuacha kimoja wala kingine.

"Dedan huyo!" akasema mwishowe, akijifuta kwa leso. "Miaka arobaini na nane hajawahi kunidanganya, akakuja kunidanganya na mti! Aliogopa nitajua amezeeka."

Akasimama, akanirudishia simu, akaingia nyumbani. Tulitazamana na Theuri bila kujua kama tumefukuzwa. Akatoka na panga kuukuu, mpini wake umefungwa kwa mpira wa baiskeli.

"Mimi nilikuwa nafikiria ni kazi imeisha," akamwambia Theuri. "Kama haikuisha, si vizuri kuachia mtu kazi yake nusu. Panda umalize. Lakini kishungi cha juu achia, mzee alikuwa anaachia. Na usikate kama unaua nyoka."

Theuri akapokea lile panga kwa mikono miwili.

Alianza saa tatu. Nilikaa kwenye nyasi chini nikitazama simu, na kila dakika tano nukta moja iliongezeka, kila moja juu kidogo ya mwenzake. Nilikuwa nimetazama maelfu ya nukta maishani mwangu, lakini sikuwahi kuisikia inapotengenezwa: panga, tawi linapasuka, majani yanashuka kwa kishindo. Upepo ulikuwepo kweli huko juu. Nilimwona akiyumba na mti, na mara mbili nilifumba macho. Nikajiambia kwamba dakika arobaini kwenye ule mnara wa mwezi wa pili hazikuwa nyingi hata kidogo.

Saa nne, Kabura akaja na kikombe cha bati kilichofungwa kwa kamba. "Vuta!" akapaza sauti. Theuri akavuta, akakaa juu ya tawi, na kwa muda mrefu tulimsikia akimweleza cucu anachokiona: moshi kwa jirani, lori la majani chai, mtoto anayefukuza ng'ombe. Simuni mwangu mstari ulilala. Sikuuharakisha.

Alipomaliza kulikuwa na desibeli kumi na moja, mruko mkubwa kuliko wote. Nilimpigia nesi wa zahanati, akaniambia picha zimeanza kupita zenyewe.

Ripoti ya pili niliiandika usiku ule ule nyumbani, na sentensi ya kwanza ilikuwa: *Ripoti yangu ya kwanza ilikuwa na makosa, na makosa ni yangu.* Niliiandika bila raha yoyote. Jumatano Moffat aliisoma mara mbili, akavua miwani, akaniambia nilikuwa nimekaribia kumtoa mtu mzuri kazini. Nikasema najua. Akachukua mkataba wa Theuri kutoka kwenye droo, akatia sahihi, akanipa nimpelekee mimi mwenyewe. Nadhani hiyo ndiyo ilikuwa adhabu yangu. Theuri aliupokea, akasema asante, kisha akaniuliza kama upepo ulikuwa kwa grafu. Nikamwambia haukuwa. Siku hiyo nilicheka mpaka moyoni.

Cucu aliomba karatasi. Nikachapisha ile ya miaka mitano, na sasa iko ukutani kwake, chini ya picha ya mzee akiwa na kofia. Wageni humuuliza ni kitu gani, naye huwaonyesha kwa kidole mahali mume wake alipomdanganya.

Lakini mashine yetu pia hutaka maelezo. Kila mstari unaporuka lazima uandike sababu na jina la aliyefanya kazi. Ijumaa Moffat alikuja na maelezo yangu ya Othaya mkononi.

"Hapa umeandika *Dedan na Theuri*," akasema. "Huyu Dedan ni nani? Simjui kwa orodha ya wafanyakazi."

"Ni wa Othaya," nikamjibu. "Ametufanyia kazi miaka minne. Ya mwisho hakumaliza, kwa hivyo Theuri ameimalizia."